Goti, Pumzi na Mkojo: Ulinzi wa Muuguzi kwa Mama Anayepewa Magnesiamu Salfeti

Katika kabati la dawa za dharura la wodi ya wazazi hukaa kichupa cha kioo chenye kimiminika kisicho na rangi wala harufu. Ni magnesiamu salfeti, chumvi ileile ambayo watu wa Ulaya waliifahamu kwa karne kadhaa kwa jina la chumvi ya Epsom, wakainywa ili kulainisha choo. Leo ndiyo dawa ya kwanza kwa mama aliyepatwa na kifafa cha mimba, na ndiyo kinga ya mama ambaye shinikizo lake la damu limepanda kiasi cha kuhofiwa kwamba kifafa hicho kitamfika. Hata hivyo, ni dawa chache za wodini ambazo umbali kati ya dozi inayookoa na dozi inayozima pumzi ni mfupi kama ilivyo kwa dawa hii. Anayesimama katika umbali huo, mara nyingi usiku na akiwa na wagonjwa wengine wa kuwahudumia, ni muuguzi au mkunga.

Ubora wa magnesiamu salfeti haukukubalika kwa haraka. Kwa miaka mingi hospitali nyingi duniani zilitegemea diazepamu au fenitoini. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa kimataifa uliohusisha wanawake wapatao 1,680 wenye kifafa cha mimba. Ikilinganishwa na diazepamu, magnesiamu salfeti ilipunguza hatari ya degedege kurudi kwa asilimia 52. Ikilinganishwa na fenitoini, kwa asilimia 67. Mwaka 2002 ulifuata utafiti uitwao Magpie, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukaonyesha kwamba dawa hii ikitolewa kabla ya degedege hupunguza hatari ya kupata kifafa cha mimba kwa asilimia 58. Mabishano juu ya dawa ipi itumike yakaisha. Yaliyobaki ni mashaka ya watoa huduma wenyewe: wako wanaoiogopa kiasi cha kuichelewesha au kuipunguza, na wako walioizoea kiasi cha kuitoa kama wanavyotoa dawa ya maumivu. Makundi yote mawili humhatarisha mama, na yote mawili yana tiba moja, nayo ni kuelewa dawa inavyoingia mwilini, inavyokaa na inavyotoka.

Wanafunzi wa uuguzi hukaririshwa mapema zile haki tano za utoaji wa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Ni kanuni njema, na hakuna anayepaswa kuiacha. Lakini kwa magnesiamu salfeti haitoshi. Muuguzi anaweza kutimiza haki zote tano, akampa mama halisi dozi halisi saa ileile iliyoandikwa kwenye cheti, na bado mama huyo akaacha kupumua. Sababu ni kwamba haki tano huzungumzia tendo la kutoa dawa. Hazisemi lolote juu ya hali ya mwili unaoipokea saa hiyo. Dozi iliyokuwa sahihi saa mbili usiku inaweza kuwa dozi ya hatari saa sita usiku, ingawa kichupa ni kilekile na mkono unaochoma sindano ni uleule.

Mtungi na tundu lake

Mpango unaotumika sana katika vituo visivyo na mashine za kupima kasi ya dripu ni ule wa kuchanganya njia mbili. Mama hupewa kwanza gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kwa muda usiopungua dakika 5. Kisha gramu 10 kwenye misuli, gramu 5 kila tako, zikichanganywa na lignokeini kidogo ili kupunguza maumivu. Baada ya hapo hupewa gramu 5 kwenye msuli kila baada ya saa 4, tako moja kwa zamu, hadi zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililotokea baadaye. Hospitali nyingine hutumia dripu ya gramu 1 kwa saa baada ya dozi ya kwanza. Kila kituo hufuata mwongozo wake, na mwongozo huo ndio unaopaswa kubandikwa ukutani, mahali ambapo mtu anauona akiwa na bomba la sindano mkononi.

Ili kuelewa mpango huo, msomaji na afikirie mtungi wenye tundu dogo chini. Dozi ya kwanza ni maji ya kuujaza mtungi. Wingi wake hutegemea ukubwa wa mtungi, si ukubwa wa tundu. Dozi zinazofuata ni za kufidia kinachovuja, na hizo hutegemea tundu. Katika mwili wa mama tundu hilo ni figo, kwa kuwa karibu magnesiamu yote iliyomo kwenye damu hutoka kwa njia ya mkojo. Figo zikifanya kazi vizuri, nusu ya dawa huwa imeondoka katika muda wa takriban saa 4 hadi 5. Figo zikidhoofika, na ugonjwa huu wenyewe huzidhoofisha, kila dozi hupanda juu ya mabaki ya iliyotangulia.

Mfano huo una matokeo mawili ambayo wahudumu wengi hawayaoni kwa pamoja. La kwanza ni kwamba dozi ya kwanza haina haja ya kungoja figo. Mkunga wa zahanati aliye mbali na maabara, mwenye mama anayetetemeka kwa degedege mbele yake, hana sababu ya kusita eti kwa kuwa hajui hali ya mkojo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kituo kisichoweza kutoa tiba yote kitoe dozi hiyo ya kwanza, kisha kimpeleke mama mara moja kwenye hospitali yenye uwezo. Kumweka kwenye gari bila sindano hiyo, kwa hofu ya dawa, ni kumwachia degedege la njiani. La pili ni kinyume chake: dozi ya pili na zote zinazofuata hazina haki ya kutolewa kwa saa ya ukutani peke yake. Saa husema wakati wa kuuliza umefika. Jibu hutolewa na mwili wa mama.

Vipimo visivyohitaji maabara

Hapa maumbile yamemfanyia muuguzi fadhila. Magnesiamu inapozidi, haiuangushi mwili kwa mpigo mmoja. Hupita kwa hatua zenye mpangilio. Kiwango kinachozuia degedege ni takriban milimoli 1.7 hadi 3.5 katika lita moja ya damu. Kikipanda kati ya 3.5 na 5, goti huacha kuitika linapogongwa. Kikipanda kati ya 5 na 6.5, misuli ya kupumulia hulegea. Kikipita 12.5, moyo husimama. Goti, basi, hunyamaza kabla ya pumzi, na pumzi kabla ya moyo. Sababu ni kwamba magnesiamu hushindana na kalsiamu kwenye ncha za mishipa ya fahamu, ikapunguza kemikali inayopeleka amri kwenye misuli.

Kwa hiyo kabla ya kila dozi muuguzi hutafuta mambo matatu. Pumzi ziwe angalau 16 kwa dakika. Mwitikio wa goti uwepo. Mkojo uwe umetoka angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, yaani mililita 120 kwa jumla. Likikosekana moja, dozi inayofuata husimamishwa na daktari huitwa. Kusimamisha huko si ukaidi kwa aliyeandika dawa wala si uvivu wa zamu. Ni sehemu ya agizo lenyewe, hata kama aliyeliandika hakutaja neno hilo.

Kipimo cha goti kinastahili kufundishwa kwa vitendo, kwa maana ndicho kinachofanywa vibaya kuliko vyote. Mama aliyelala na miguu iliyonyooka, akiwa ameikaza kwa uoga, hatatoa mwitikio wowote, na muuguzi ataandika kuwa haupo ilhali upo. Goti likunjwe kidogo, muuguzi alibebe kwa mkono wake kutoka chini ili paja lipumzike, kisha agonge mshipi ulio chini kidogo ya kifupa cha goti. Paja hukaza na mguu huruka. Nyundo maalumu ikikosekana, ukingo wa kiganja hutosha. Wenye shinikizo la juu la ujauzito mara nyingi huwa na mwitikio mkali kupita kawaida, na ndiyo maana kipimo cha kwanza hufanywa kabla ya dawa kuanza: bila kujua goti lilikuwaje jioni, hakuna atakayejua limepungua alfajiri. Aidha, mama aliyefanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo hawezi kupimwa gotini kwa saa kadhaa, kwani ganzi yenyewe imeunyamazisha mguu. Huyo hupimwa kwenye kiwiko, upande wa ndani. Katika wodi ambako jambo hili halifahamiki, akina mama waliotoka chumba cha upasuaji hukosa dozi wanayoihitaji, au hupewa bila kupimwa popote.

Pumzi nazo zihesabiwe dakika nzima, macho yakiwa kifuani. Kipimo cha kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni ni msaada, si mbadala. Mama anayepewa oksijeni anaweza kuonyesha asilimia 98 kwenye kidole wakati pumzi zake zimeshuka hadi 10. Wasimamizi wa wodi wanaifahamu chati ambayo safu yake ya upumuaji imeandikwa 20, kisha 20, kisha 20 tena, usiku kucha, kwa wino uleule na mwandiko uleule usiopinda. Hakuna binadamu anayepumua hivyo. Chati ya namna hiyo ni mbaya kuliko chati tupu, kwa sababu tupu humwonya anayepokea zamu kwamba mama hajapimwa, lakini hii humtuliza.

Mkojo ndio hupuuzwa mapema zaidi, labda kwa kuwa hauonekani kuwa kipimo cha dawa. Mfuko wa mkojo ukimwagwa bila kuandikwa kiasi, ushahidi wa saa nne umekwenda na maji. Kiasi hicho kiandikwe kila saa, na mfuko usimwagwe na mtu asiyejua kwa nini unapimwa.

Mahali makosa yanapojificha

Kosa la kwanza limo katika hesabu. Magnesiamu salfeti huja kwa nguvu tofauti. Asilimia 50 maana yake ni gramu 50 katika mililita 100, hivyo gramu 1 imo katika mililita 2, na kichupa cha mililita 10 kina gramu 5. Nguvu hiyo hufaa kwa msuli. Kwa mshipa hupunguzwa hadi asilimia 20: mililita 8 za dawa, ambazo ni gramu 4, huongezwa mililita 12 za maji safi ya sindano, zikawa mililita 20. Anayesoma jina la dawa pasipo kusoma asilimia amesoma nusu ya maandishi. Hesabu hii ifanywe kwa sauti, mbele ya mwenzake, na mwenzake aifanye upya badala ya kuitikia tu.

Kosa la pili ni la dripu. Chupa yenye magnesiamu haina tofauti ya macho na chupa ya maji ya kawaida au ile yenye oksitosini. Mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, watu hukimbilia mpira ulio karibu na kuufungua wote. Ikiwa mpira huo ni wa magnesiamu, gramu zilizokusudiwa kuingia kwa saa nyingi huingia kwa dakika. Lebo iwekwe kwenye chupa na kwenye mpira pia, karibu na mkono wa mama, mahali ambapo vidole vinashika.

Dawa nyingine zinazotolewa pamoja nayo ziangaliwe. Gentamaisini inaweza kuongeza ulegevu wa misuli. Dawa za kulegeza misuli zinazotumika katika usingizi wa upasuaji hudumu zaidi, hivyo mtoa usingizi aambiwe. Mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli uitwao miasthenia gravisi hapaswi kupewa. Na kwa kuwa wapo wanaodhani magnesiamu ni dawa ya presha, isemwe wazi kwamba sivyo: shinikizo lililofika 160 kwa 110 huhitaji dawa yake, kama hidralazini, labetaloli au nifedipini, sambamba na magnesiamu.

Kinga ya ajali ni kalsiamu glukoneti. Pumzi zikisimama, mama hupumulishwa kwanza kwa mfuko na barakoa, dripu ya magnesiamu husimamishwa, kisha huchomwa gramu 1 ya kalsiamu glukoneti, yaani mililita 10 za nguvu ya asilimia 10, polepole kwenye mshipa. Kalsiamu hurudisha kile ambacho magnesiamu ilikiziba. Lakini mahali pa dawa hiyo ni pembeni ya kitanda, ikiwa na bomba na sindano yake. Ikifungiwa katika stoo ambayo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwenda nyumbani, haimfai mama yeyote, hata kama daftari la dawa linaonyesha kwamba ipo.

Mama na jamaa zake

Magnesiamu ikiingia kwenye mshipa, mama huhisi joto likipanda kutoka kifuani hadi usoni. Hutoka jasho, pengine hutapika, na kinywa humkauka. Asiyeambiwa kabla hudhani anakufa. “Sista, naungua ndani,” husema, na jamaa aliye kando huanza kutaka sindano isimamishwe. Sentensi mbili zilizosemwa mapema huondoa hofu hiyo: “Mama, utasikia joto mwilini, ni la dawa na litapita. Ukiona kifua kizito, ulimi mzito au macho yanaona vitu viwili viwili, niite hapo hapo.” Kwa maneno hayo mama mwenyewe, akiwa na fahamu, amefanywa mlinzi wa pili wa dozi.

Jamaa naye ana kazi. Mama mkwe au dada aliyeketi kitandani huona mabadiliko mapema kuliko mtu anayepita kila nusu saa. Aelezwe kwamba usingizi wa kawaida huamshika, na mtu akiitwa jina hujibu. Usingizi ambao mama akiitwa hujibu kwa kukokota maneno, au hajibu kabisa, ni wa kumwita muuguzi. Aelezwe pia asimwage mfuko wa mkojo. Na asione haya kuuliza, “Nesi, umeshampima goti?” Muuguzi anayeijua kazi yake hakasirishwi na swali hilo.

Kuna jamaa ambao wakimwona mzazi akikakamaa na kutokwa na povu hufikiri kwanza mashetani, na saa za thamani hupotea nyumbani. Kwao, dalili za kuangaliwa ni maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, macho kuona ukungu, maumivu ya juu ya tumbo, na uso au mikono kuvimba ghafla, hasa baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Dalili hizo ni za kwenda kituoni siku hiyohiyo, na zinaweza kujitokeza hata baada ya mtoto kuzaliwa. Wapo wanaopatwa na degedege lao la kwanza siku ya kwanza au ya pili baada ya kujifungua, wakati kila mtu anadhani hatari imekwisha.

Mtoto aliyezaliwa wakati dawa iko kwenye damu ya mama anaweza kuwa mlegevu, mwenye kilio hafifu na pumzi za polepole. Anayempokea aambiwe kabla ya kichwa kutokeza, ili vifaa vya kumpumulisha viwe tayari. Kwa mama, saa 24 za baada ya kujifungua ni saa za uangalizi uleule, ingawa wodi huwa imeshamhesabu kuwa miongoni mwa waliopona na kitanda chake kimeanza kutafutwa. Makabidhiano ya zamu katika saa hizo yafanyike kando ya kitanda: aliyemaliza zamu na aliyeingia wagonge goti pamoja, wahesabu pumzi pamoja, wasome mfuko wa mkojo pamoja, na waonyeshane kalsiamu ilipo.

Anaporuhusiwa kwenda nyumbani, kadi yake iandikwe wazi kwamba alipata kifafa cha mimba na alipewa dawa gani. Katika ujauzito mwingine atahesabiwa miongoni mwa walio katika hatari kubwa, na wataalamu wa kliniki wanaweza kumwanzishia aspirini ya miligramu 75 kwa siku. Aspirini hiyo hufaa ikianza kabla ya wiki ya 20. Kwa hiyo mama huyo hapaswi kungoja tumbo lionekane ndipo ahudhurie kliniki. Aende mara tu anapojua kuwa ni mjamzito, akiwa na kadi ile ya zamani.